Faida Hukaa Wapi: Kampuni ya Programu na Biashara ya Vicheza Muziki vya Mkononi

Utangulizi

Swali linalochunguzwa katika mhadhara huu ni la kiuchumi kuliko la kiufundi, ingawa kwa mtazamo wa kwanza huonekana kinyume chake: je, kampuni iliyokulia katika kuandika na kuuza programu za kompyuta inaweza kufanikiwa katika kutengeneza vicheza muziki vya mkononi? Programu ni maagizo yanayoiongoza kompyuta, au chombo chochote cha jamii yake, katika kufanya kazi. Maunzi ni sehemu za chombo hicho zinazoshikika kwa mkono, kama vile kioo, betri, chipu na diski. Kicheza muziki cha mkononi, kwa maana inayotumika hapa, ni chombo kidogo kinachohifadhi nyimbo zilizogeuzwa kuwa faili za kidijitali na kumwezesha mtu kuzisikiliza popote alipo kwa spika za masikioni.

Mfano utakaochambuliwa kwa kina ni wa kampuni ya Microsoft ya Marekani, ambayo kati ya mwaka 2006 na 2011 iliuza kicheza muziki kilichoitwa Zune kwa nia ya kushindana na iPod ya kampuni ya Apple. Maelezo yaliyozoeleka kuhusu kushindwa kwa Zune ni kwamba ilichelewa kuingia sokoni, kwamba toleo lake la rangi ya kahawia halikuvutia macho, na kwamba wabunifu wa Apple walikuwa hodari zaidi. Maelezo hayo yana ukweli ndani yake, lakini hayatoshi, kwa kuwa kampuni hiyo hiyo ilichelewa vilevile kuingia katika biashara ya mashine za michezo ya video, ikawakuta Sony na Nintendo wamekwisha kuota mizizi, na bado ikajipatia nafasi ya kudumu kwa mashine yake ya Xbox.

Hoja itakayotetewa hapa ni kwamba kinachoamua hatima ya kampuni ya programu inapogeukia utengenezaji wa vyombo ni mahali faida inapokaa. Pale ambapo chombo huuzwa ili programu zinunuliwe, kampuni ya namna hiyo huwa nyumbani. Pale ambapo muziki huuzwa ili chombo kinunuliwe, huwa ugenini, na ufundi wa wahandisi wake, hata ukiwa mkubwa kiasi gani, haubadilishi hesabu hiyo.

Chombo kabla ya Zune

Kusikiliza muziki safarini kulienea duniani baada ya Sony ya Japani kutoa Walkman mwaka 1979, chombo kilichocheza kaseti. Mabadiliko makubwa yaliyofuata yalitokana na MP3, mbinu ya kubana sauti iliyoendelezwa kwa sehemu kubwa katika taasisi ya Fraunhofer nchini Ujerumani, ambayo huondoa katika rekodi zile sauti ambazo sikio la binadamu halizitambui kwa urahisi. Wimbo wa dakika nne ambao kwenye CD huchukua takriban megabaiti 40 hubaki na megabaiti 4 hivi unapobanwa kwa kiwango kilichozoeleka miaka hiyo, na kwa sababu hiyo ukaweza kusafirishwa kwenye intaneti na kuhifadhiwa katika chombo cha mfukoni.

Mwaka 1998 kampuni ya Diamond ya Marekani ilitoa Rio PMP300, kicheza muziki chenye hifadhi ya megabaiti 32, yaani nafasi ya nyimbo zisizofika kumi kwa kiwango hicho. Chama cha kampuni za kurekodi muziki nchini Marekani kilikwenda mahakamani kutaka chombo hicho kizuiwe, lakini mwaka 1999 Mahakama ya Rufaa ya eneo la tisa ikaamua kwamba kinaruhusiwa kuuzwa. Uamuzi huo ulifungua biashara kwa watengenezaji wengi, miongoni mwao Creative ya Singapore, ambayo mwaka 2000 ilitoa kicheza muziki chenye diski ya gigabaiti 6, kilichoingiza nyimbo zaidi ya elfu moja lakini kikawa na ukubwa wa mashine ya kuchezea CD.

Apple ilitangaza iPod tarehe 23 Oktoba 2001, ikiwa na diski ya gigabaiti 5 iliyotosha nyimbo 1,000 na bei ya dola 399. Sehemu nyingi za chombo hicho hazikutoka kwa Apple yenyewe: diski ndogo ilitengenezwa na Toshiba, chipu kuu ilibuniwa na kampuni ya PortalPlayer, sehemu ya programu ya ndani ilitoka kwa kampuni ya Pixo, na hata iTunes, programu ya kupangia nyimbo kwenye kompyuta, ilitokana na programu ya SoundJam ambayo Apple iliinunua mwaka 2000. Kilichokuwa cha Apple ni mshono uliounganisha vipande hivyo. Kazi ya kupanga nyimbo, kuandika majina na kuunda orodha iliachwa ifanyike kwenye kompyuta yenye kioo kikubwa na baobonye, na chombo chenyewe kikabakiwa na kazi chache zilizoweza kufanywa kwa kidole gumba kimoja. Tarehe 28 Aprili 2003 kampuni hiyo ikafungua duka la nyimbo kwenye intaneti, likianza na nyimbo 200,000 kwa senti 99 kila mmoja, na mwezi Oktoba mwaka huo programu ya iTunes ikatolewa pia kwa kompyuta zinazotumia Windows ya Microsoft, ambazo ndizo zilizokuwa mikononi mwa watu wengi. Kuanzia hapo mnunuzi aliweza kuchagua wimbo, kuulipia, kuuhifadhi na kuusikiliza bila kutoka katika himaya ya kampuni moja.

Mazoea ya kampuni ya programu

Ili kufahamu kwa nini Microsoft haikufanya vivyo hivyo mapema, inafaa kuangalia namna utajiri wake ulivyojengwa. Tangu ilipoanzishwa mwaka 1975 na Bill Gates na Paul Allen, kampuni hiyo iliishi kwa leseni, yaani ruhusa ya kutumia programu inayolipiwa bila programu yenyewe kubadili mmiliki. Gharama ya kuandika programu ni kubwa, lakini gharama ya kutoa nakala ya pili, au ya milioni, inakaribia sifuri. Kwa hiyo mwenye programu hunufaika zaidi kadiri anavyoiuza kwa watu wengi bila kubagua. Windows, ambayo ni mfumo endeshi, maana yake programu ya msingi inayosimamia kompyuta nzima, iliuzwa kwa karibu kila mtengenezaji wa kompyuta aliyeitaka. Watengenezaji hao wakashindana wao kwa wao hadi faida yao ikawa nyembamba, huku mwenye leseni akibaki na fungu nono.

Vyombo vichache ambavyo Microsoft iliwahi kuvitengeneza vilifuata mantiki hiyo hiyo. Kadi yake ya SoftCard ya mwaka 1980 iliiwezesha kompyuta ya Apple II kutumia programu zilizoandikwa kwa ajili ya mfumo mwingine, na hivyo kuongeza idadi ya wateja wa programu zake. Kipanya chake cha mwaka 1983 kiliuzwa sambamba na programu ya uandishi ya Word iliyotoka mwaka huo huo, wakati ambapo watumiaji wengi walikuwa hawajawahi kukishika. Katika mifano yote miwili maunzi yalikuwa njia ya kuuzia programu, na yalifanikiwa kwa kipimo hicho.

Muziki wa kidijitali ulipokuja, kampuni hiyo ilifanya kile ilichokizoea. Ilitengeneza mbinu yake ya kubana sauti iliyoitwa WMA, ikaongeza kufuli ya kidijitali, yaani programu inayozuia wimbo ulionunuliwa usichezwe na asiyeruhusiwa, kisha ikavigawa vyote kwa leseni. Mwaka 2004 ikaanzisha alama ya PlaysForSure iliyobandikwa kwenye vicheza muziki vya Creative, iRiver, Samsung na wengineo, na kwenye maduka ya nyimbo kama vile Napster na MSN Music, kumhakikishia mnunuzi kwamba wimbo wa duka lolote lenye alama hiyo ungecheza kwenye chombo chochote chenye alama hiyo. Ulikuwa mpango wa Windows uliohamishiwa kwenye muziki.

Mpango huo ulikutana na tatizo ambalo nadharia ya Clayton Christensen, aliyekuwa profesa wa Chuo Kikuu cha Harvard, husaidia kulieleza. Kwa mujibu wa nadharia hiyo, bidhaa inapokuwa bado haijafikia ubora ambao wanunuzi wanautaka, hushinda yule anayetengeneza sehemu zake zote kwa pamoja, kwa kuwa anaweza kurekebisha sehemu moja ili iifae nyingine. Ubora ukishapita mahitaji ya wanunuzi, hushinda wale wanaogawana sehemu na kuziunganisha kwa viwango vilivyokubaliwa. Kompyuta za mezani zilikuwa zimefikia hatua ya pili, ilhali vicheza muziki vilikuwa bado katika ya kwanza. Chombo kilitoka kwa mmoja, duka lilikuwa la mwingine, na kufuli ilikuwa ya Microsoft. Wimbo ulipokataa kucheza, kila mmoja wao alikuwa na sababu ya kumnyooshea kidole mwenzake, na mnunuzi akabaki hana wa kumwendea.

Zune na wabia wake

Zune ilianza kuuzwa Marekani tarehe 14 Novemba 2006 kwa dola 249.99, bei iliyolingana na ya iPod ya gigabaiti 30 ya wakati huo. Ilitengenezwa na Toshiba kwa kufuata umbile la kicheza muziki chake cha Gigabeat, ikawa na diski ya gigabaiti 30, kioo cha inchi tatu, redio ya FM na mawasiliano ya wai-fai, ambayo ni mawimbi ya redio yanayounganisha vyombo bila waya. Redio na wai-fai havikuwemo katika iPod. Ukizingatia orodha ya uwezo peke yake, chombo hicho hakikuwa duni.

Udhaifu ulionekana pale uwezo huo ulipokutana na masharti. Mwenye Zune aliweza kumtumia mwenzake wimbo kwa wai-fai, lakini aliyepokea alilazimika kuwa na Zune pia, na wimbo uliruhusiwa kuchezwa mara tatu tu ndani ya siku tatu, kisha ukafungwa. Katika duka la nyimbo bei haikuandikwa kwa fedha bali kwa pointi, ambazo 80 zililingana na dola moja. Wimbo mmoja uligharimu pointi 79, na pointi zilinunuliwa kwa mafungu yaliyoanzia 400 kwa dola tano. Hivyo mtu aliyetaka wimbo mmoja wa karibu dola moja alitakiwa kwanza atoe dola tano, kisha apige hesabu ya kugawanya ili ajue ametumia nini. Utaratibu huo ulikuwa umeazimwa kutoka Xbox, ambako mteja alikuwa tayari ndani ya mfumo na hakuwa na duka jirani la kukimbilia.

Jambo zito zaidi ni kwamba Zune haikucheza nyimbo zilizofungwa kwa kufuli ya PlaysForSure. Wabia waliokuwa wamebandika alama hiyo kwenye bidhaa zao walijikuta wanashindana na mwenye leseni yao, na wasikilizaji waliokuwa wamenunua nyimbo MSN Music, duka la Microsoft yenyewe, wakaambiwa kwa vitendo kwamba nyimbo zao hazina nafasi katika chombo kipya cha kampuni hiyo hiyo. Duka hilo liliacha kuuza nyimbo mwezi ule ule wa Novemba 2006, na mwezi Aprili 2008 ikatangazwa kwamba mitambo iliyokuwa ikiidhinisha nyimbo zake kwenye kompyuta mpya ingezimwa mwishoni mwa Agosti. Malalamiko ya wateja ndiyo yaliyosababisha tarehe hiyo isogezwe mbele. Wahenga husema mshika mbili moja humponyoka, na hapa zote mbili ziliponyoka, kwa sababu imani ya wabia ilipotea kabla ya imani ya wanunuzi kupatikana.

Takwimu za mauzo zinaonyesha matokeo. Mwezi Mei 2008 Microsoft ilieleza kwamba ilikuwa imeuza Zune milioni mbili tangu mwanzo, yaani katika kipindi cha mwaka mmoja na nusu, ilhali katika miezi mitatu ya mwisho ya mwaka 2008 peke yake Apple iliuza iPod milioni 22.7. Katika miezi hiyo hiyo mitatu mapato ya Zune yalishuka kwa dola milioni 100, sawa na asilimia 54. Toleo la Zune HD la Septemba 2009, lenye kioo cha kugusa cha teknolojia ya OLED, lilisifiwa na wakaguzi wengi, lakini halikugeuza mwelekeo, na Oktoba 2011 utengenezaji ukasitishwa. Huduma zilizobaki zilifungwa tarehe 15 Novemba 2015.

Hesabu ya iPod na hesabu ya Xbox

Inabidi sasa kuulizwa fedha ilikuwa wapi katika biashara hii. Watafiti watatu, Greg Linden, Kenneth Kraemer na Jason Dedrick, katika utafiti wa mwaka 2007 waliichunguza iPod ya gigabaiti 30 ya wakati ilipokuwa bado ikiuzwa rejareja kwa dola 299, wakaichambua sehemu kwa sehemu. Sehemu ghali kuliko zote, diski ya Toshiba, ilikadiriwa kugharimu takriban dola 73. Apple, kama mbunifu na mwenye chapa, ilikadiriwa kubaki na takriban dola 80. Hiyo ndiyo faida ya chombo.

Faida ya nyimbo inaweza kukadiriwa kutokana na waraka alioutoa Steve Jobs, aliyekuwa mkuu wa Apple, mwezi Februari 2007, ambao ulieleza kwamba nyimbo bilioni mbili zilikuwa zimeuzwa kwa iPod milioni 90, yaani wastani wa nyimbo 22 kwa kila chombo. Nyimbo 22 kwa senti 99 ni chini ya dola 22 kwa uhai wote wa chombo hadi wakati huo, na sehemu kubwa ya kiasi hicho ilikwenda kwa kampuni za kurekodi. Apple yenyewe ilieleza mara kadhaa kwamba duka lake liliendeshwa kwa faida ndogo sana. Kwa maneno mengine, duka lilikuwepo ili iPod iuzwe. Zaidi ya hayo, nyimbo zilizonunuliwa dukani hazikufikia asilimia tatu ya nyimbo zilizokuwa ndani ya iPod ya kawaida, kwa mujibu wa waraka huo huo, na zilizobaki zilitoka kwenye CD na vyanzo vingine ambavyo havikumlipa muuza programu hata senti moja.

Hesabu ya Xbox ilikuwa kinyume kabisa. Mashine hiyo ilipoanza kuuzwa tarehe 15 Novemba 2001, ilikuwa ikiuzwa kwa hasara iliyokusudiwa, kwa sababu kila mchezo uliotolewa na kampuni nyingine kwa ajili yake ulilipa ada kwa Microsoft, na kuanzia mwaka 2002 huduma ya kucheza kwa mtandao ikaleta malipo ya kujiandikisha. Mchezo mmoja uliuzwa kwa makumi ya dola, na haukuweza kutolewa kwenye CD ya zamani iliyokuwa kabatini. Hata hitilafu kubwa ya maunzi katika toleo lililofuata, Xbox 360, iliyoilazimu kampuni mwezi Julai 2007 kutenga zaidi ya dola bilioni moja kwa ajili ya matengenezo na kurefusha dhamana hadi miaka mitatu, haikuiangusha biashara hiyo, kwa kuwa mkondo wa mapato ya michezo uliendelea kuifidia.

Microsoft iliingia katika muziki ikiwa na matumaini ya Xbox mahali ambapo hesabu ilikuwa ya iPod. Kile ambacho kingekuwa faida ya chombo iligawana na Toshiba, iliyokitengeneza, na pia Universal, kampuni kubwa ya muziki ambayo, kama ilivyoripotiwa mwaka 2006, iliahidiwa zaidi ya dola moja kwa kila Zune itakayouzwa. Apple kwa upande wake ilifanya biashara ya chombo kwa kanuni za chombo. Novemba 2005, kwa mfano, ilitangaza mikataba na watengenezaji watano wa kumbukumbu za flashi, chipu zinazohifadhi data bila diski inayozunguka, na ikakubali kulipa dola bilioni 1.25 kabla ya kupokea mzigo ili kujihakikishia chipu hizo hadi mwaka 2010. Kampuni ya programu haijazoea kufunga fedha kiasi hicho katika shehena ambayo bado haijatengenezwa, kwa sababu bidhaa yake haihitaji malighafi. Lakini katika biashara ya vicheza muziki, aliyeshika chipu ndiye aliyepanga bei.

Kosa la saa

Mtu anaweza kupinga hoja hii kwa kusema kwamba tatizo la Microsoft lilikuwa tu kutokujua maunzi. Tukio la tarehe 31 Desemba 2008 linaonyesha kwamba mpaka kati ya programu na maunzi hauko wazi kiasi hicho. Asubuhi ya siku hiyo Zune za gigabaiti 30 zilianza kuganda zinapowashwa, na hazikuendelea. Chanzo kilikuwa kipande kifupi cha programu kilichosimamia saa ya ndani, ambacho kilihesabu tarehe kwa kuchukua idadi ya siku zilizopita tangu mwanzo wa mwaka 1980 na kuipunguza mwaka baada ya mwaka. Maagizo yake yalikuwa hivi: maadamu siku zilizobaki zinazidi 365, angalia kama mwaka unaohesabiwa ni mrefu, kama si mrefu, toa siku 365 na usogee mwaka unaofuata, kama ni mrefu, na siku zinazidi 366, toa 366 na usogee.

Mwaka 2008 ulikuwa mrefu, na tarehe 31 Desemba ilikuwa siku yake ya 366. Idadi hiyo ilizidi 365, kwa hiyo programu haikuruhusiwa kutoka katika mzunguko. Lakini haikuzidi 366, kwa hiyo hakuna kilichopunguzwa. Chombo kikazunguka mahali pamoja bila kikomo. Ushauri uliotolewa kwa wateja ulikuwa kuiacha betri iishe, kusubiri hadi baada ya saa sita mchana wa tarehe 1 Januari kwa saa za Greenwich, kisha kuichaji upya, maana siku ilipobadilika kosa halikuwa na pa kushika.

Kipande hicho cha programu kilihusu chipu ya kampuni ya Freescale na kilikuja pamoja nayo, jambo la kawaida katika utengenezaji wa vyombo. Kampuni yenye waandishi wa programu wengi na hodari iliangushwa na programu, tena iliyokuja pamoja na maunzi ya mtu mwingine. Ujuzi wa kuandika programu haukukosekana. Kilichokosekana ni mazoea ya kumiliki chombo kizima hadi kwenye saa yake. Mazoea hayo hujengwa na kampuni ambayo mapato yake yanategemea chombo, kwa kuwa ndiyo inayoumia kila kinapogoma, ilhali mwenye leseni amezoea kwamba mteja akipata shida humrudia aliyeandika jina lake kwenye kasha.

Muziki ulipogeuka programu

Lipo jaribio moja la Zune ambalo lilielekea kwenye jibu sahihi. Kwa dola 14.99 kwa mwezi, huduma ya Zune Pass ilimruhusu msikilizaji kusikiliza nyimbo za dukani bila kununua moja moja, na kuanzia Novemba 2008 ikamwongezea haki ya kubaki na nyimbo kumi kila mwezi. Hapo faida ilikuwa imehamishwa kutoka kwenye chombo na kuwekwa katika huduma, ambako kampuni ya programu hujua kuishi. Hata hivyo huduma hiyo ilifungwa ndani ya vyombo na programu za Microsoft, na Zune yenyewe iliuzwa rasmi Marekani, kisha Canada, basi.

Wakati huo huo simu zilikuwa zinakimeza kicheza muziki. Apple iliuza iPod milioni 54.8 katika mwaka wake wa fedha wa 2008, kiwango ambacho haikukifikia tena, kwa sababu iPhone yake yenyewe, iliyoanza kuuzwa Juni 2007, ilikuwa imeugeuza muziki kuwa programu moja kati ya nyingi. iPod ya mwisho ilisitishwa Mei 2022. Mwezi Oktoba 2008 Spotify ya Sweden ilianza kutoa muziki kwa malipo ya mwezi, kwanza kwenye kompyuta na baadaye kwenye simu za kila chapa. Spotify ilifanikiwa kwa kutumia silika ya zamani ya Microsoft, ile ya kuwafikia wote bila kujali aliyetengeneza chombo, ambayo Microsoft iliiacha katika muziki karibu na wakati ambapo ingeilipa. Spotify nayo ilipojaribu chombo chake, kidude cha kuendeshea muziki ndani ya gari kilichoitwa Car Thing, ilitangaza kuacha kukitengeneza Julai 2022, na tarehe 9 Desemba 2024 ikakizima kabisa.

Afrika Mashariki ilipita njia yake katika historia hii. Wasikilizaji wengi walitoka kwenye redio kaseti na CD wakaingia moja kwa moja kwenye simu yenye memori kadi, ambayo nyimbo zake waliwekewa na mafundi simu au kwenye vibanda vya kuchoma CD kwa malipo madogo. Iliyokuja kujaza nafasi hiyo kwa leseni halali ni Boomplay, iliyoanza mwaka 2015 ikiwa programu iliyowekwa tayari ndani ya simu za Tecno, chapa ya kampuni ya Transsion ya China. Hapa mwenye chombo ndiye aliyekwenda kwenye programu, na alikuwa na faida ambayo Microsoft haikuwa nayo: simu ilikuwa imekwisha kuuzwa na kulipiwa kwa sababu nyingine, kwa hiyo muziki haukubebeshwa mzigo wa kurudisha gharama za chombo.

Hitimisho

Kampuni ya programu inaweza kutengeneza kicheza muziki kizuri, na Zune HD ni ushahidi wa hilo. Inaweza pia kufanikiwa katika biashara ya vyombo, na Xbox ni ushahidi wa hilo. Kisichowezekana kwa urahisi ni kufanikiwa kwa chombo ambacho faida yake imo ndani ya chombo chenyewe huku kampuni ikiendelea kufikiri, kununua na kupanga bei kama mwenye leseni. Na kicheza muziki cha kati ya mwaka 2001 na 2008 kilikuwa chombo cha namna hiyo hasa. Ili kushinda, Microsoft ingelazimika ama kuacha mapema wabia wake na kujenga chombo chake chote kabla maktaba za wasikilizaji hazijafungwa kwenye iTunes, ama kuvumilia hadi muziki ugeuke huduma na kuipeleka huduma hiyo kwenye simu za kila mtu. Ilichagua njia ya kwanza kwa kuchelewa, na hivyo ikajinyima ya pili.

Somo hilo linawahusu pia waandishi wa programu wa leo wanaovutiwa na wazo la kuuza chombo chao wenyewe, kiwe cha muziki, cha malipo au cha kusomea. Kabla ya kuuliza kama wanao wahandisi wa kukitengeneza, inawapasa wapige hesabu ya kile mteja atakachoendelea kulipa baada ya kununua chombo, na kiasi kitakachobaki mikononi mwao baada ya wenye haki nyingine kuchukua chao. Hesabu hiyo ikionyesha kwamba kinachobaki ni kikubwa, chombo kinaweza kuuzwa hata kwa hasara; ikionyesha kwamba hakibaki kitu, basi wawe tayari kuwa kampuni ya maunzi kweli kweli, inayonunua chipu miaka kabla na kuibeba kila hitilafu kama yake, la sivyo programu yao itanufaika zaidi ikiwekwa ndani ya chombo cha mtu mwingine.